Watatu Ndani ya Koti Moja

Koti la Mama bado linanuka. Nimelifua mara nyingi, na zipu yake nimeibadilisha mara mbili kwa fundi wa kule Lake Street, lakini ukiingiza pua ndani ya kofia yake, pale manyoya ya bandia yaliposhikana kama sufi kuukuu, utakuta vitu vitatu: dawa ya kusugua kifua, sabuni ya nyumba ya wazee alikofanya kazi, na samaki. Wadogo zangu husema hiyo ya samaki naiwazia tu. Labda. Majuzi nililivaa kwenda mazishini Apple Valley, ng'ambo ya mto, maana majira ya kuchipua hapa yana baridi ya kudanganya, na nilipoketi benchi la nyuma harufu ile ikanipanda puani. Nikawa tena na miaka kumi na minne, nimesimama kwenye majani mabichi, mkono mmoja umeshika kola ya mdogo wangu wa kiume.

Aliyekuwa anazikwa tulimwita Anko Wekesa. Hakuwa ndugu yetu wa damu. Kwa miaka mingi nilimchukia kwa bidii ambayo sasa inanitia haya.

Baba tulimwacha kaburini Bungoma kabla hatujapanda ndege. Mama alitangulia Marekani, akatuita baadaye, tukakaa sote kwenye vyumba viwili mtaa wa Phillips, kwenye jengo lenye ngazi za mbao zilizolia kila mtu akipanda. Nilikuwa mkubwa. Nyuma yangu kulikuwa na Barasa, halafu Nanjala, kitinda mimba. Mama alianza kukohoa msimu wa majani kuanguka, na kabla theluji haijaisha tukawa tumemzika. Ardhi ilikuwa imeganda hata wachimbaji walikuja na mashine, na sauti ya mashine ile ndiyo ninayoikumbuka kuliko maombi.

Binamu yake Mama, Anti Felista, alihamia kwetu. Alikuwa bado msichana, naona hivyo leo. Wakati ule nilimwona mtu mzima kabisa. Alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee pia, shifti mbili, akirudi anavua viatu mlangoni na kulala kwenye kochi na sare yake. Sisi tulijifunza kutembea bila kelele. Barasa aliweza kufungua friji bila mlango kutoa hata mlio. Mtu angepita nje ya mlango wetu mwaka ule asingejua kama ndani mna watoto watatu.

Mimi nilivaa koti la Mama. Lilinifika kwenye vifundo vya miguu, na mikono yake nililazimika kuikunja mara mbili. Nililivaa nje, nililivaa ndani, nililivaa hata joto lilipoingia na watoto wa jirani wakawa wanarukaruka kwenye maji ya mpira wa kumwagilia. "Wee Dada, unaumwa malaria?" Barasa alinitania. Nilikuwa nimeona kwamba nikilivaa, watu wazima huzungumza nami kama mtu mzima.

Kitu kingine cha Mama kilichobaki kilikuwa omena, dagaa wakavu wa nyumbani. Mgeni mmoja alikuwa amemletea kutoka nyumbani, amezifungia ndani ya nguo zake zisinuke njiani, na Mama akazihifadhi kwenye kopo la bati lenye kifuniko. Alipofariki kopo lilikuwa nusu. Nanjala aliacha kula. Angekaa mbele ya sahani ya makaroni hadi yakakauka. Siku moja nilikaanga omena kidogo kwa nyanya na kitunguu, nikasonga ugali, naye akala yote na kulamba vidole. Basi nikawa namkaangia kila Jumapili, kwa kuchota vidole vitatu tu kutoka kopo, maana nilijua likiisha limekwisha. Jirani wa juu aligonga sakafu kwa ufagio kwa sababu ya harufu. Anti Felista alinisihi nizitupe. "Tutafukuzwa nyumba kwa ajili ya dagaa," alisema. Nikalificha kopo chini ya kitanda, ndani ya kiatu cha theluji.

Kisha jioni moja nikamsikia akiongea kwenye simu. Simu ilikuwa ukutani jikoni, na waya wake ulifika hadi chooni, alikojifungia akidhani hatusikii.

"Sikia, Rose," alisema. "Huyu wa kiume aende kwenu Apple Valley, mna nafasi. Kadogo kachukuliwe na Mama Joy, Maple Grove, ana huyo mmoja tu anayelia upweke. Mkubwa nitabaki naye, atanisaidia. Mimi wote watatu siwezi, Rose. Mgongo unaniua." Akasikiliza. "Wekesa bado anafikiria? Anafikiria nini? Basi mwambie tutaongea kule kambini."

Rose alikuwa mke wa Anko Wekesa. Nilirudi chumbani, nikawatazama wadogo zangu wakilala kitanda kimoja, miguu ya mmoja kwenye kichwa cha mwingine. Sikuwaambia neno. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba tunapelekwa kambini kugawanywa, na kwamba yupo mtu mmoja tayari ameketi Apple Valley akifikiria namna atakavyomchukua Barasa.

Kambi yenyewe ilikuwa ya watu wa ushirika wetu wa kanisa, Wakenya wa pande zote za mji, kila mwaka mwishoni mwa kiangazi. Walikodi eneo la mahema karibu na ziwa, mwendo wa saa tatu kaskazini. Tulikwenda kwa vani ya Anko Wekesa. Alikuwa mrefu, mweusi, mnene kifuani, na aliongea kwa sauti ya chini kana kwamba kuna mtoto analala. Njiani alijaribu kutuchekesha. "Huku tunakokwenda," alisema, "miti ni mingi hata ukipotea hupotei peke yako, unapotea na miti." Barasa alicheka. Nilimfinya paja.

Mfukoni mwa begi langu kulikuwa na lile kopo. Nilikuwa nimefikiri hivi: kama kuna siku Nanjala atachukuliwa, basi asichukuliwe akiwa na njaa.

Tulipofika kulikuwa na manyunyu na baridi, ingawa ilikuwa bado kiangazi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenicheka kwa koti. Kabla hatujafungua mizigo, askari wa msitu alitukusanya chini ya banda la kulia chakula. Alikuwa mwanamke Mzungu mwenye umri, kofia pana, mikono yenye mabaka ya jua. Alitaka kutueleza habari za dubu. Anko Wekesa alisimama kando yake kutafsiri, kwa ajili ya mama mkwe wa Mama Joy, bibi kizee aliyekuja matembezi kutoka Webuye, ambaye sote tulimwita Kukhu, yaani nyanya.

"Anasema dubu wako," Anko Wekesa alianza. "Weusi. Si wakali sana, lakini ni wanyama wa porini. Ukikutana naye, usikimbie."

"Nisikimbie?" Kukhu akauliza. "Nifanye nini, nimsalimie?"

Watu wakacheka. Yule askari akataka kujua alichosema, akaambiwa, naye hakucheka. Akatikisa kichwa kukubali. Anko Wekesa akatafsiri: "Anasema ndiyo. Ongea naye. Kwa sauti ya kawaida, usipige mayowe, ajue wewe ni mtu."

"Kwetu mnyama akija tunapanda mti," Kukhu alisema.

"Anasema dubu anapanda mti kukushinda, Kukhu."

"Mimi? Nilipokuwa msichana hakuna aliyenishinda mti." Watu wakacheka zaidi, na bibi akafurahi.

Yule askari aliendelea kwa utaratibu, kama mtu aliyesema maneno hayo mara nyingi na kuona yakipuuzwa. Mnapotembea, pigeni makofi, ongeeni, asije akashtuka kuwakuta. Mkimwona karibu, kusanyikeni pamoja, msitawanyike. Inueni mikono, tanueni nguo, muonekane wakubwa. Rudini nyuma polepole mkimtazama. Msimzingire, mwachieni njia ya kutokea, kwa sababu mnyama asiyeona njia ndiye hupigana. Na kuliko yote, alisema huku ameinua kidole, msisimame kati ya mama dubu na watoto wake. Halafu akasema habari ya chakula: chakula chote, kila kitu chenye harufu, hadi dawa ya meno, kifungiwe kwenye magari. Hakuna cha kula ndani ya hema.

Mama Joy alizunguka na sanduku kukusanya vyakula vya watoto. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye kunukia poda, na aliinama mbele ya Nanjala akamwuliza kama ana peremende yoyote. Nanjala akatikisa kichwa. Akaniuliza mimi. Nikatikisa kichwa pia. Sikusema uwongo, kwa jinsi nilivyoona. Walikuwa wanakusanya mikate, soseji na biskuti, vitu vya dukani. Omena ile haikuwa chakula. Ilikuwa ya Mama.

Usiku ule na asubuhi yake hakuna kilichotokea, isipokuwa kwamba nilihesabu. Niliwatazama watu wazima kama askari anavyotazama mpaka. Mama Joy alimsuka Nanjala nywele, nikahesabu. Anko Wekesa alimfundisha Barasa kufunga ndoano, wakakaa kwenye daraja la mbao bega kwa bega, nikahesabu. Alipoona nimesimama nyuma yao aliniita, "Njoo, Dada, kuna nafasi." Nikasema sitaki. Hakusisitiza. Alisogea kidogo kando, akaacha nafasi ile wazi, nami nikakaa chini ya mti hadi walipomaliza.

Baada ya chakula cha mchana Anti Felista akatuambia tuende tukachume vitunda vya porini, vile vidogo vya rangi ya wino. Watu wazima walikuwa na kikao. Hakunitazama machoni aliposema hivyo. Watoto wengine walikimbilia ziwani. Sisi watatu tulikwenda upande wa vichaka na kikombe cha plastiki, na nilichuma bila kuona ninachochuma. Nilikuwa nasikia sauti kutoka bandani, si maneno, ni sauti tu, zikipanda na kushuka. Kisha ikapanda moja ya mwanamume, kwa nguvu, na kimya kikafuata.

"Ni Anko Wekesa," Barasa akasema.

"Najua."

"Amekasirika?"

"Anadai anachotaka," nikasema. Nilikuwa na hakika.

Nanjala alisema kwa Kiingereza kwamba ana njaa. Siku hizo alikuwa ameanza kutujibu kwa Kiingereza tu. Nikamwambia twende hemani, nitampa omena mbili tatu zilizokauka atafune. Tukarudi kwa mstari mmoja, bila kuongea, bila kupiga makofi, kama tulivyozoea kutembea nyumbani.

Hema letu lilikuwa la mwisho, limefungwa kwenye pembe ambapo jabali kubwa lilikutana na gogo la mti ulioanguka. Palikuwa na kijia kimoja tu cha kuingia, na sisi tulikuwa tunatokea kwenye kijia hicho. Niliona hema linatikisika. Ndani yake mlikuwa na mgongo mpana, mweusi, umesukuma kitambaa, na nikasikia mizigo yetu ikiburutwa.

Nilijua ni nani. Amemaliza kikao, amekuja kuchukua begi la Barasa.

Nilitembea moja kwa moja. "Anko!" nikasema kwa hasira ya miezi yote ile. "Acha vitu vyetu. Huna ruhusa. Toka humo!"

Hema likatulia. Halafu ukatoka uso, wa kahawia puani na mweusi kote kwingine, na mdomoni umeng'ata kopo la Mama.

Sijui tulikuwa na hatua ngapi kati yetu. Niliweza kuona majani madogo yameshikana kwenye manyoya ya shingo yake, na omena moja imenata kwenye mdomo wa juu, inang'aa. Nilisikia harufu yake, ya mbwa aliyelowa na udongo, na juu yake ikaelea harufu ya Jumapili jikoni kwetu. Hilo ndilo lililonichanganya, zaidi ya meno. Kitu cha kutisha kuliko vyote nilivyowahi kuona kilinukia nyumbani.

Barasa akageuka akimbie. Nilimdaka kola, nikamvuta hadi mgongo wake ukagonga kifua changu. Nanjala alikuwa tayari ameshika pindo la koti. Nikafungua zipu, ile zipu mbovu, ikakwama katikati kama kawaida yake, nikaivuta hadi ikakatika, nikalitandaza koti kwa mikono yote miwili na kuwafunika. Kichwa cha Barasa kilitokeza chini ya kidevu changu. Nanjala sikumwona, nilimsikia tu, moyo wake mdogo ukigonga pajani pangu.

"Hujambo," nikamwambia dubu.

Barasa akatoa sauti kama kicheko, lakini kilikuwa kilio.

"Sisi ni watu," nikasema. Nilijaribu kutumia sauti ya kawaida. "Sisi ni watoto wa Mama Nanjala. Tunakaa Phillips. Hapa tuko watatu, na tutabaki hivyo hivyo. Hatuachani. Umesikia? Kula hiyo, lakini hatuachani."

Dubu aliangusha kopo. Alipumua kwa nguvu puani, akagonganisha meno, tak tak, kisha akapiga ardhi kwa miguu ya mbele yote miwili, na nilihisi pigo lile nyayoni. Nilijitanua zaidi. Mabega yaliniuma. Kadiri nilivyojitanua ndivyo alivyozidi kupumua, akitupa kichwa huku na huku, akitazama jabali, akitazama gogo, akitutazama sisi.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu, upande wa kulia, kwa mbali. Sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto.

"Dada. Usigeuke. Niko hapa. Unafanya vizuri."

Sikugeuka.

"Umemzibia njia, Dada. Anaogopa. Sogea kushoto, wote pamoja, pole pole. Mwachie njia."

Katika maisha yangu yote ya mwaka ule sikuwa nimemtii mtu yule hata kwa kupokea maji. Lakini nilisogea. Tulisogea kama mnyama mmoja mwenye miguu sita, hatua ya kiwete, tukikanyagana, hadi kijia kikawa wazi. Dubu akakitazama. Akatutazama. Kisha akapita, si kwa kukimbia, bali kwa haraka ya mtu aliyechelewa kazini, na matako yake manene yakatingishika hadi kwenye vichaka, na vichaka vikafunga.

Anko Wekesa alikuwa amesimama pale pale pembeni ya kijia, mikono iko wazi. Hakuja kutukumbatia. Alingoja. Alikuwa analia, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona mwanamume akilifanya mchana.

Nami nikamwambia, huku nimewashika wadogo zangu ndani ya koti, "Hutamchukua."

Alishusha mikono yake. "Sawa, Dada," akasema.

Baadaye kulikuwa na makelele mengi. Anti Felista alinipiga kofi kisha akanikumbatia, kwa mfululizo huo. Kukhu aliomba kuelezwa mara tatu nilivyomsalimia dubu. Kopo lilikuwa limetobolewa kwa meno na kubanwa bapa, halina kitu. Nanjala alilichukua akachungulia ndani. "Amemaliza zote?" akauliza, na ilikuwa kwa Kiswahili. Nikamwambia amemaliza. Hapo ndipo mimi nilipolia, si mbele ya dubu.

Yule askari wa msitu alikuja kunikalisha kando. Anko Wekesa alitafsiri, ingawa nilielewa. Alisema nimefanya yote kama alivyofundisha, isipokuwa moja, lile la chakula, na kwamba hilo moja huenda lisiniumize mimi bali dubu. Mnyama akishaonja chakula cha hemani hurudi, na akirudi sana watu humwua. Hakusema kwa ukali. Nilitamani angekuwa mkali. Sikupata kujua dubu yule aliishia wapi, na zipo nyakati, ninapokuwa peke yangu kwenye basi asubuhi, namwona akisimama kwenye njia ile akingoja mtu ampishe.

Hatukugawanywa. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Tulirudi Phillips watatu, na ikawa hivyo. Nilijua moyoni kwamba ni kwa sababu ya koti: waliona sisi ni mnyama mmoja mkubwa, wakaogopa.

Kuanzia hapo Anko Wekesa alivuka mto kila Jumamosi kutoka Apple Valley, na kupanda zile ngazi zinazolia, na unga wa ugali begani. Siku hizo unga mweupe mzuri hukuupata kila duka. Nilifungua mlango nusu. Alisimama kwenye zulia dogo la mlangoni, hatua moja nyuma ya kizingiti, nami nikasimama kizingitini na koti langu. "Dubu wa Phillips hajambo?" alisema. Nikasema, "Hajambo." Akanikabidhi mfuko. Akauliza kwa sauti ile ya chini kama Barasa anasoma, kama Nanjala anakula. Akasema kwaheri. Nilidhani huja kumwangalia yule aliyemkosa. Hata mara moja sikumwambia apite ndani.

Anti Felista aliumia mgongo akimwinua mgonjwa, na hakuweza tena kusimama shifti nzima. Nilikuwa nimefika miaka kumi na sita. Niliacha shule nikaingia jikoni ya nyumba ile ile ya wazee, kuosha trei. Sijuti, ingawa kuna vitabu vya darasa lile nilivirudisha bila kumaliza na bado najua nilifika ukurasa gani. Barasa alisoma. Nanjala alisoma. Siku Barasa alipopata chuo jimbo jingine nilisimama mlangoni na begi lake miguuni mwangu, mikono yangu kwenye miimo yote miwili, na alibaki akinitazama, akitazama dirisha, akinitazama. Ilinichukua muda. Kisha nikasogea kushoto. Miaka michache baadaye nikasogea tena kwa Nanjala, na nyumba ikawa na kimya ambacho hakuna askari wa msitu aliyewahi kunifundisha la kufanya nacho.

Sasa Anko Wekesa. Baada ya mazishi, wanawake walikuwa jikoni wakiosha sufuria, nami nikachukua taulo kukausha. Anti Rose alinitazama koti. "Ndilo hilo hilo?" akauliza. Nikasema ndilo.

"Siku ile alituacha kikaoni," alisema. "Hujui? Sisi wote tulikuwa tumekubaliana. Hata mimi, mwanangu, nisamehe. Nilikuwa nimeshatandika kitanda cha Barasa. Yeye ndiye aliyesimama akapiga meza. Akasema, 'Hawa watoto si ugali, mkate vipande kila mtu apeleke kwake. Kama Felista hawezi, tumsaidie hapo hapo walipo.' Akatoka nje. Alikuwa anakuja kuwaambia ninyi msiogope. Ndipo akawakuta na dubu."

Nilikausha sufuria moja kwa muda mrefu. "Kwa nini hakuniambia?"

"Nilimwuliza mara nyingi. Jumamosi zote hizo unasimamishwa mlangoni kama mchuuzi, mwambie basi. Akasema, 'Rose, yule ana watoto. Mtu hasimami kati yake na watoto wake. Nitasimama pale anaponiona, niongee taratibu.'"

Nilirudi nyumbani kwa basi. Sikulia hadi nilipofika kwenye ngazi.

Jumamosi iliyofuata nilinunua unga, mfuko mkubwa, na pakiti ya omena, ambazo siku hizi zinauzwa mtaani kwetu kama kitu cha kawaida. Nilivuka mto. Nyumba ya Anti Rose ina ngazi tatu za saruji na zulia la mlangoni lililochakaa katikati. Nilibonyeza kengele, nikarudi hatua moja nyuma, nikasimama.

Alifungua. Alinitazama mimi, akatazama mfuko begani, akatazama koti. Macho yake yalikuwa mekundu. Nyuma yake nyumba ilikuwa kimya. Nilikijua kimya kile.

"Wewe," akasema mwishowe, "unangoja nini hapo nje?" Akasogea kando, akaacha mlango wazi.